Shamba Lililouzwa Mwaka wa Ukame: Kisa cha Mwambao wa Ziwa Kenyatta

Mwanzoni mwa 2017 Ziwa Kenyatta, pale Mpeketoni katika kaunti ya Lamu, halikuwa ziwa. Lilikuwa uwanja wa tope lililopasuka. Viboko walionasa humo walikufa, na wavuvi walikuwa wamekwisha kuzikunja nyavu zao. Februari ya mwaka huo serikali iliutangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Katika kipindi hicho hicho kipande cha shamba kando ya ziwa kiliuzwa, na ugomvi ninaouchambua hapa ulizaliwa na mauzo hayo.

Muuzaji ni mzee ambaye familia yake ilipata ardhi kwenye mpango wa makazi ulioanzishwa Mpeketoni miaka ya 1970. Shamba lao linateremka taratibu kuelekea ziwani na kuishia kwenye bikoni ya zege, ile alama ya mpaka wa shamba. Chini ya bikoni palikuwa na matete siku zote, na mbele ya matete maji. Ukame ulipoyaondoa maji, matete yakakauka, ng'ombe wakayamaliza, ikabaki ardhi nyeusi yenye unyevu ambayo jembe lilizama bila kulazimishwa. Vijana wa mzee wakapanda nyanya, sukuma wiki na kunde. Huko juu mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa na urefu wa goti.

Mnunuzi ni mfanyabiashara mdogo kutoka Mokowe. Alikwenda kununua nyanya, akarudi na wazo la kununua shamba. Walikubaliana kipande kimoja chenye sehemu ya juu ya bikoni na sehemu ya chini yake, kwa bei moja, kwenye karatasi moja ya mkono iliyotiwa saini mbele ya mzee wa mtaa na mashahidi. Hakuna aliyepima kitu zaidi ya kuhesabu hatua za miguu. Mpaka wa upande wa chini uliandikwa hivi: "hadi ziwani". Siku hiyo, ukisimama pale, ziwa lenyewe hukulioni.

Masika ya 2018 yalikuja kwa nguvu nchi nzima. Maji yakarudi Mpeketoni, kwanza kama madimbwi katikati ya bonde, kisha yakaungana, kisha yakaanza kutambaa kuelekea mashambani. Kabla msimu haujaisha sehemu yote ya chini ya bikoni ilikuwa imezama. Vuli ya 2019 ikaongeza, na safari hii maji yakaipita bikoni yenyewe na kuingia kwenye migomba ambayo mnunuzi alikuwa ameipanda ndani ya ardhi yenye hati.

Mimi niliitwa kama mtu wa kati, baada ya kikao cha familia kuvunjika. "Mzee wangu, mimi nilinunua shamba, sikununua ziwa," mnunuzi alisema. Mzee akamjibu, "Ulikuja ukaona kwa macho yako, kijana wangu. Na mimi sikukuuzia mvua."

Kila mmoja alikuwa na hoja. Kijijini watu walikuwa wamegawanyika juu ya nani mwongo, na nakiri kwamba mabishano hayo yalikuwa matamu kuyasikiliza, lakini hayakutufikisha popote. Nilipoiangalia karatasi yao niliona kwamba hakuna aliyedanganya. Mzee aliuza ardhi iliyokuwepo na mnunuzi alinunua ardhi aliyoiona. Kilichokosekana ni jibu la swali ambalo hakuna aliyelifikiria siku ile: ukingo wa ziwa hili uko wapi hasa?

Ziwa lisilo na mto

Ziwa Kenyatta halina mto wa kudumu unaolilisha. Linategemea mvua inayoliangukia, vijito vya msimu vinavyoamka mvua ikizidi, na maji yaliyo chini ya ardhi. Upande wetu wa pwani hupata mvua ya takriban mita moja kwa mwaka, tena mwaka ukiwa mzuri. Jua na upepo, kwa upande wao, vina uwezo wa kunyonya takriban mita mbili za maji kutoka kwenye ziwa lililo wazi. Pengo la mita moja linazibwa na vijito na maji ya ardhini. Vijito vikikosa kuamka kwa misimu miwili au mitatu mfululizo, na ziwa likiwa la kina kifupi kama hili, hesabu yake haihitaji profesa.

Kwa hiyo kukauka kwa 2017 hakukuwa kifo cha ziwa. Ndivyo maziwa ya kina kifupi yalivyo. Ziwa Chilwa la Malawi, ambalo kwa wastani lina kina cha mita mbili hivi, lilikauka 1968, likakauka tena 1995, likakauka tena 2012, na kila mara lilirudi, likarudi na samaki wake. Hata Ziwa Victoria, ambalo leo kina chake hufika mita 80 hivi, liliwahi kukauka miaka elfu kumi na kitu iliyopita, wakati dunia ilipokuwa ikitoka kwenye zama za barafu. Tope la sakafuni mwake limetunza ushahidi. Tanganyika ndilo lisilobabaika, kwa sababu kina chake kinakaribia mita 1,470. Lenyewe lina umri wa mamilioni ya miaka. Maziwa mengi ya dunia hayana bahati hiyo: huzaliwa, hupokea udongo, huwa kinamasi, huwa mbuga.

Nilitaja maji ya ardhini, na hapo pana jambo ambalo wakulima wa Mpeketoni wanalijua kwa mdomo kabla ya kulijua kwa kichwa. Maji ya ziwa lao ni matamu. Ziwa linalopoteza maji kwa jua pekee huachiwa chumvi yote, mwaka baada ya mwaka, mpaka linakuwa kama Magadi au Bogoria. Naivasha haina mto unaotoka, lakini maji yake yamebaki matamu kwa sababu sehemu yake huvuja chini kwa chini na kuondoka na chumvi. Utamu wa Ziwa Kenyatta ni dalili ya mwenendo kama huo. Kisima cha mzee, kilicho mbali kidogo na ufuo, kilishuka pamoja na ziwa na kikapanda pamoja nalo. Ukitaka kujua ziwa linaelekea wapi miezi michache ijayo, tazama kamba ya ndoo.

Ni jambo linaloihusu Lamu nzima, ingawa si kiini cha kisa hiki. Mji wa Lamu, au Amu, unakunywa maji yanayokaa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na maji hayo matamu yameelea juu ya maji ya chumvi. Kanuni ya wataalamu ni kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 zake chini. Ukiishusha ile mita moja kwa kuvuta kupita kiasi, chumvi hupanda kwa makumi ya mita. Anayedhani ziwa ni mali ya wavuvi tu hajafikiria kisima chake.

Nusu mita kwa mita mia

Sasa turudi shambani. Tulihitaji kujua mteremko, na hatukuwa na vyombo vya mpima ardhi. Tulikuwa na fundi wa ujenzi, mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, vigingi na utepe. Fundi hujaza mpira maji, ncha moja hapa na nyingine kule, na maji yakitulia pande zote mbili yako usawa mmoja. Ni chombo cha bei ya chai, na kwa kazi ya namna hii sijaona cha kukishinda.

Kuanzia bikoni kwenda chini, ardhi ilishuka kama nusu mita kwa kila mita 100. Kwa macho huwezi kuuona mteremko huo. Ukisimama pale utaapa kwamba ni tambarare.

Jibu la ugomvi, kwa maoni yangu, limo ndani ya kipimo hicho. Kwenye mteremko wa nusu mita kwa mita 100, maji yakishuka mita 1 ukingo unakimbia mita 200. Yakipanda mita 1, unarudi mita 200. Ziwa lenye kingo za mwinuko mkali linaweza kupoteza mita mbili na mwenye shamba asione tofauti ila kwenye mawe. Ziwa hili likipoteza mita mbili, ukingo umehama karibu nusu kilomita. Kwa hiyo hapa Mpeketoni ukingo si mstari hata kidogo. Ni ukanda, na upana wake unapimwa kwa mamia ya mita.

Mtu wa Amu hahitaji kufundishwa jambo hili kwa upande wa bahari. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na hakuna mwenye akili timamu anayejenga nyumba juu ya mchanga ulioachwa na maji kupwa kwa kuwa tu saa sita mchana aliuona mkavu. Ziwa nalo lina kupwa na kujaa kwake, ila mzunguko wake ni wa miaka, tena miaka isiyo na hesabu kamili. Bahari inakukumbusha jioni ile ile. Ziwa linaweza kukuacha uvune mara tano, ukajenga banda, ukaoa, halafu likaja.

Mkoma wa bibi

Kama ukingo ni ukanda, basi tulitakiwa kutafuta ukomo wake wa juu. Karatasi ya ramani ya shamba haikusaidia: inaonyesha bikoni, na inaonyesha ziwa kwa mstari mmoja uliochorwa kufuata hali ya siku ya kupimwa. Ardhi yenyewe ilikuwa na maelezo zaidi.

Tulichimba vishimo kutoka chini kwenda juu. Chini, udongo ulikuwa mfinyanzi mweusi uliojaa vigamba vya konokono wa maji. Ulipita bikoni ukiwa bado mweusi. Mbele kidogo rangi ikaanza kubadilika, ukawa wa kijivu uliochanganyika na mchanga, kisha ukawa mchanga mwekundu usio na gamba hata moja. Konokono wa maji hatembei kupanda mlima kwenda kufa kwenye mahindi. Palipo na gamba lake, maji yalikuwapo.

Palikuwa pia na tuta dogo la mchanga, la urefu wa kifundo cha mguu, ambalo watoto walilitumia kama njia. Matuta ya namna hiyo hujengwa na mawimbi. Ziwa dogo lina mawimbi madogo, lakini kusi linapovuma miezi mfululizo linayasukuma upande mmoja tu, na upande wa kaskazini magharibi ndio unaopokea kishindo. Shamba la mzee liko upande huo. Tuta lilikuwa juu ya bikoni, ndani kabisa ya ardhi yenye hati.

Ushahidi uliotulia kichwani mwangu zaidi, hata hivyo, ulitoka kwa jirani, bibi mmoja mzee ambaye hakuna upande uliofikiria kumwita. "Mwanangu, mwaka wa El Niño mume wangu alikuwa akifunga mtumbwi pale," aliniambia, akaonyesha mkoma uliosimama peke yake kando ya lile tuta. Kumbukumbu za watu huteleza, nami nisingeegemea neno moja la mtu mmoja. Lakini mkoma uko hatua chache tu kutoka pale vigamba vinapokoma, na fundi alipovuta mpira kutoka shina la mkoma hadi kwenye tuta, maji yalitulia kwa kimo karibu kile kile kutoka ardhini pande zote mbili. Udongo, tuta na bibi walisema jambo moja.

El Niño anayoikumbuka ni ya 1997 na 1998. Vuli kubwa za upande wetu hufuata hali ya Bahari ya Hindi: maji ya upande wa Afrika Mashariki yakipata joto kuliko yale ya upande wa Indonesia, mawingu na mvua huhamia kwetu. Ilikuwa hivyo 1961, ilikuwa hivyo 1997, ikawa hivyo tena 2019. Mvua za 1961 zilianza kulipandisha Ziwa Victoria, na katika miaka michache tu lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Halikurudi mahali pake pa zamani kwa miongo kadhaa. Mei 2020, baada ya mvua za msimu ule wa 2019, likafika kiwango cha juu kuliko chochote kilichokuwa kimewahi kupimwa hadi wakati huo. Kwenye Bonde la Ufa maji ya Baringo yalimeza hoteli na shule, Ziwa Nakuru lilipanuka kutoka kilomita za mraba 40 hivi hadi zaidi ya 60, na mtaa wa Kihoto huko Naivasha ukajaa maji majumbani. Wengi wa waliohamishwa huko walikuwa wamejenga mahali ambapo wao wenyewe hawakuwahi kuona maji. Hawakuwa wazembe. Maisha ya mtu mmoja yanaweza kuwa mafupi kuliko mzunguko mmoja wa ziwa.

Anayetaka kuhakikisha kuliko sisi tulivyohakikisha anaweza kutumia picha za setilaiti za Landsat, ambazo mfululizo wake ulianza 1972 na hupatikana bure. Sisi tuliziangalia baadaye, kwenye simu ya mpwa wa mnunuzi. Zilituonyesha ziwa likinenepa na kukonda miaka tofauti. Kwa shamba moja, hata hivyo, nukta moja ya picha hizo ina upana wa mita 30 au zaidi, hivyo mkoma ulikuwa sahihi kuliko setilaiti.

Udongo unaoteremka

Kuna jambo moja lililonifanya nisite kuutangaza mkoma kuwa ukomo wa milele. Tangu mashamba yafunguliwe, udongo wa juu umekuwa ukiteremka kila masika. Matete yaliyokuwa yakiuzuia yamekatwa, yamechomwa au yameliwa, na ng'ombe wanaoshuka kunywa maji wanachimbua njia ambazo zinageuka mifereji. Watu husema ziwa linazibwa, wakifikiri kwamba litakuwa dogo. Kwa miaka mingi ya mwanzo mambo huenda kinyume. Sakafu inapopanda, maji yale yale yasiyo na pa kushukia hutanda pembeni. Mwaka wa mvua ziwa linakuwa pana kuliko zamani, na mwaka wa jua linakauka upesi kuliko zamani, kwa sababu jua hunyonya kwa eneo, halinyonyi kwa kina. Mwenye shamba la kando anaumia mara zote mbili.

Malindi wanayo habari ya udongo wa bara kwa sura nyingine. Huko Mto Sabaki unaumwaga baharini, kaskazi inausukuma kusini hadi ndani ya ghuba, na ufuo umesogea mbele kiasi kwamba nyumba zilizojengwa zitazame maji sasa zinatazama mchanga. Matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi yametunza kumbukumbu ya udongo huo kwa karibu miaka 300, na ongezeko lake kubwa ni la karne ya 20, mashamba yalipofunguliwa huko juu. Hapo bahari imesukumwa nyuma, na Mpeketoni ziwa limesukumwa pembeni, kwa udongo wa jembe.

Ndiyo maana nilipendekeza kwamba mstari wetu uwe juu kidogo ya mkoma, kimo cha mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Mzee aliniuliza kwa nini ampe ziwa ardhi ambayo halijawahi kuidai. Swali zuri. Nilimwambia kwamba kwa mteremko ule, kimo hicho ni kama mita mia moja ya shamba, na kwamba asipolipa sasa kwa karatasi atalipa baadaye kwa migomba. Hakuridhika, na sidhani ameridhika mpaka leo.

Sheria inasemaje

Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaweka maziwa kwenye ardhi ya umma. Kifungu hicho hicho kinaiweka pia ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Kwa hiyo sehemu ya chini ya bikoni, hata ilipokuwa kavu na imejaa nyanya, haikuwa ya mzee kuiuza. Kukauka hakukumpa umiliki. Alichokuwa nacho ni matumizi, na matumizi hayo majirani wote walikuwa wakiyafanya bila mtu kuwauliza.

Kanuni za maji za 2007 nazo ziliweka ukanda wa hifadhi kando ya ziwa, usiozidi mita 30, ukipimwa kutoka kiwango cha juu kabisa cha maji kilichowahi kurekodiwa. Watu wengi huikumbuka ile 30 na kusahau inapoanzia kupimwa. Wanapima kutoka maji ya leo. Kwenye shamba hili, mita 30 za ulalo ni sawa na sentimita 15 za kimo, maji ambayo vuli moja huyaleta bila jasho. Ukipima kutoka maji ya mwaka wa ukame umejihifadhi dhidi ya kitu kisichokuwepo. Nina maoni kwamba ukomo huo wa mita 30, hata mahali ardhi ilipo tambarare kama hapa, haukufikiriwa na mtu aliyewahi kulima kando ya ziwa la tambarare.

Kilichoamua fedha, hata hivyo, hakikuwa ziwa. Shamba hili ni ardhi ya kilimo, na kwa Sheria ya Udhibiti wa Ardhi mauzo ya ardhi ya kilimo yanahitaji idhini ya bodi ya ardhi ya eneo, ikiombwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Wao hawakwenda bodi. Mauzo yasiyo na idhini ni batili, na aliyelipa anaweza kudai fedha zake kama deni. Mzee aliposomewa hayo na mtu aliyemwamini, mwanawe mkubwa, sauti yake ilishuka. Mnunuzi naye alitambua kwamba akiyafuata hadi mwisho atarudishiwa fedha na kupoteza kila kitu, pamoja na ile sehemu ya juu aliyoipenda na ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Walichokubaliana

Mpango waliouandika ulichukua vikao vya jioni kadhaa, kahawa nyingi, na mke wa mzee ambaye mwanzoni alikaa mlangoni na mwisho akakaa katikati. Shamba liligawanywa kwa mstari wa mkoma. Mstari wangu wa kiwiko ulikataliwa na pande zote mbili, jambo ambalo lilikuwa la kwanza wao kukubaliana. Sehemu ya juu ya mkoma ikabaki ya mnunuzi, safari hii kwa maombi mapya bodini na kupimwa upya. Bei ya sehemu ya chini ikarudishwa kwa awamu, baada ya kila mavuno ya korosho.

Kipande kati ya bikoni na mkoma kimebaki na utata. Hati inasema ni cha mzee. Udongo wake, vigamba vyake na maji ya 2019 vinasema ni cha ziwa. Nilishauri kisiuzwe kwa mtu yeyote mpaka wapimaji wa serikali wakiangalie, na kwa sasa hakijauzwa. Kinatumika tu. Pembeni yake wamerudisha matete kwa mkono, mstari mwembamba, zaidi kwa ajili ya kuzuia viboko wasipande kwenye mihogo kuliko kwa ajili ya udongo. Sijali sababu, maadamu yameota.

Ukame uliporudi, ule wa misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua kati ya 2020 na 2022, ukanda ule ulikauka tena na watu wakaingia tena na majembe. Mnunuzi alitaka kulima nyanya humo. Safari hii alikodi kwa msimu, kwa mkataba wa ukurasa mmoja, na mke wa mzee aliweka sharti ambalo wanaume wote wawili walikuwa wamelisahau: maji yakirudi kabla ya mavuno, kodi haidaiwi, na mbegu ni hasara ya mlimaji. Kodi ikalipwa msimu wa kwanza na wa pili bila neno. Vuli ya 2023, mvua za El Niño ziliposhuka, nyanya zilikuwa bado mbichi, na msimu huo mnunuzi hakulipa kitu.